Namna ya kuona mishipa ya damu ndani ya kichwa



Wengi wetu tumeona mtu mzima anaanguka ghafula, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinakufa. Mara majirani wanasema: « Balimuloga! » Sisi tunataka kueleza namna madaktari wanavyotafuta sababu yenyewe.

Watu wa Kalemie tunaujua mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa letu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliukuta umezibwa na majani. Miaka michache nyuma yake maji yakapasua kile kizuizi. Mishipa ya ubongo nayo ina hatari mbili: kuzibwa ao kupasuka.

Zamani haikuwezekana kuiona kwa mtu mzima wa uhai. Mwaka 1927, katika Ureno, daktari Egas Moniz alitia dawa katika mshipa wa shingo, akapiga radiografia, mishipa ikaonekana.

Siku hizi kuna mashine ya IRM. Hiyo haitumii miali ya radiografia, inatumia sumaku. Sumaku ya tesla 1.5 inapita ile ya dunia yetu mara 30.000 hivi. Mgonjwa anaondoa saa, funguo na kila chuma, analala ndani ya tundu bila kutikisika. Mashine inatuma mawimbi kama ya redio, na maji yaliyo mwilini yanajibu. Nyama iliyotulia inapigwa na mawimbi tena na tena mpaka inachoka, jibu lake linakuwa dogo. Lakini damu inayoingia ni mpya, haijachoka. Inajibu kwa nguvu. Basi katika picha damu inayotembea inang'aa, na pale ilipozuiwa mshipa unaonekana kama umekatika. Na kwa njia hiyo hakuna sindano! Lauterbur wa Marekani na Mansfield wa Uingereza walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyozaa mashine hii.

Ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania, mashine hiyo iko Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini safari ni ndefu, feza ni nyingi, na ubongo uliokosa damu haungoji. Adui mkubwa wa mishipa hii ni tansio, na kuipima ni kazi ya dakika chache tu. Tuwaambie wazazi wetu wapimwe, wapunguze chumvi. Na mtu akianguka, tumpeleke hospitali saa ile ile. Kuomba tuombe, lakini tukiwa njiani.