Klorofeniramini

Klorofeniramini (pia klorofenamini) ni dawa inayotuliza dalili za mzio, au aleji, kama vile kupiga chafya, kutokwa na kamasi, macho kuwasha na vipele vya ngozi. Ilianza kutumika katika tiba mwaka 1949. Katika Afrika ya Mashariki wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Piriton.

Utendaji

Mtu mwenye mzio anapokutana na vumbi, chavua au chakula fulani, seli za kinga hutoa kemikali iitwayo histamini. Histamini hupanua mishipa midogo ya damu na kuchochea neva, na hapo muwasho na uvimbe huanza. Klorofeniramini huizuia isifike kwenye vipokezi vyake. Kwa kuwa dawa hiyo huingia pia ubongoni, huleta usingizi. Antihistamini za kizazi cha pili, kama setirizini na loratadini, huingia ubongoni kidogo tu, hivyo hazisababishi usingizi mwingi.

Kipimo

Kwa kawaida mtu mzima humeza kidonge 1 cha miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi vidonge 6 kwa siku. Watoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa nusu ya kipimo hicho. Walio wadogo zaidi hupewa dawa ya maji kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya. Mtoto asipewe dawa hii ili alale tu.

Tahadhari

Anayesinzia kwa sababu ya dawa hii hapaswi kuendesha gari, pikipiki wala mashine. Pombe na dawa za usingizi huongeza hatari hiyo.

Dawa nyingi za mafua zenye mchanganyiko huwa na klorofeniramini ndani yake. Anayezimeza pamoja na vidonge hivi anaweza kuzidisha kipimo bila kujua, hivyo ni muhimu kusoma maandishi ya pakiti au kumwuliza mfamasia.

Madhara mengine ni kinywa kukauka, kuona ukungu na kushindwa kukojoa vizuri. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye glakoma, kifafa au tezi dume iliyovimba wapate kwanza ushauri wa daktari.

Dharura

Klorofeniramini haitoshi kutibu mshtuko wa mzio, ambao huweza kumpata mtu baada ya kuumwa na nyuki au kula karanga. Dalili zake ni ulimi au koo kuvimba, kupumua kwa shida na kuzirai. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kusubiri kidonge kifanye kazi kunaweza kusababisha kifo.