Tarakilishi Kuukuu na Uaminifu kwa Chapa: Mfano wa Tongaren

Fundi wa tarakilishi mjini Kitale au Bungoma akiletewa mashine mbovu, swali lake la kwanza aghalabu huhusu jina: ni HP, Dell, Lenovo au Toshiba? Umri wa mashine huulizwa baadaye. Kwa mtu wa mbali, swali hilo laweza kuonekana kuwa dalili ya ushabiki wa majina makubwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika eneo kama Tongaren, uaminifu kwa chapa una chimbuko jingine: ni uaminifu kwa vipuri na kwa fundi avijuaye.

Tongaren ni eneo bunge katika kaunti ya Bungoma, jirani na Trans Nzoia. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu ambayo yaligawiwa wananchi wakati wa uhuru na baadaye. Zao kuu ni mahindi, na mkulima wa mahindi ana mazoea ya kuupima mtambo kwa kipuri chake. Trekta la Massey Ferguson halikupendwa katika nyanda hizi kwa sababu ya wekundu wake. Lilipendwa kwa kuwa likiharibika msimu wa kulima, kipuri hupatikana Kitale na fundi wa kukitia hayuko mbali. (Mvua ya masika, waama, haimngojei mwenye trekta la kigeni kwa mafundi.) Mantiki iyo hiyo ndiyo iliyohamia kwenye tarakilishi.

Vipakatalishi vingi vya bei nafuu nchini Kenya ni mitumba, au "ex-UK" kama wauzaji wanavyoviita. Miongoni mwavyo ni Latitude ya Dell, EliteBook ya HP na ThinkPad, ambayo IBM iliianzisha mwaka 1992 na Lenovo ikaichukua mwaka 2005. Hizi ni mashine za ofisini. Makampuni ya Ulaya na Marekani huzinunua kwa maelfu, huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa jumla. Kwa hiyo aina moja huingia nchini kwa wingi, na kila inayokufa huwa ghala la vipuri kwa zilizo hai: kioo cha hii, kibodi ya ile, feni ya nyingine. Mashine adimu, hata iwe bora namna gani, hubaki yatima ikivunjika bawaba.

Hata chaja ina sehemu yake. Kipakatalishi cha Dell huitambua chaja yake, na kikishindwa kuitambua hukataa kuichaji betri. Nyumba ambamo ndugu watatu hupokezana chaja moja haiwezi kununua mashine ya nne bila kwanza kutazama tundu lake. Watengenezaji wenyewe hawakuwa waaminifu kiasi hicho: Lenovo iliacha pini ya mviringo ikaleta ya mstatili, nayo HP ikaiacha pini nene ikaleta nyembamba. Toshiba ilijiondoa kabisa katika biashara ya vipakatalishi mwaka 2020.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kuna jambo moja la kuzingatiwa. Nchini Kenya, majina kama Omo na Colgate yamekuwa nomino za kawaida, hata mtu huomba Omo akapewa sabuni ya unga ya kampuni nyingine asinung'unike. Hakuna aitaye kila tarakilishi Dell. Sabuni moja yaweza kushika nafasi ya nyingine, lakini kibodi ya Dell haiingii katika HP, ndiposa jina likabaki kuwa jina.

Uaminifu huu sasa una mtihani usiotokana na vipuri. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kichakataji cha takribani mwaka 2018 kuendelea, pamoja na kijenzi cha usalama cha toleo la pili. Mashine ya mwaka 2014, yenye kioo kizima na kibodi nzima, imehesabiwa mfu ilhali fundi wa Kitale angali na vipuri vyake. Anayeumia hapa ni mwanafunzi aliyeinunua kwa fedha za magunia ya mahindi na ambaye tasnifu yake yote imo humo.

Njia ipo. Kumbukumbu ikiongezwa, diski inayozunguka ikabadilishwa kwa ile isiyozunguka, na Linux ikapachikwa mahali pa Windows, mashine hiyo hufanya kazi ya uandishi bila taabu. Wala si njia ngeni kwa Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mrithi wa OpenOffice, yaani LibreOffice, hupatikana bila malipo. Kasoro ndogo hubaki. Pasipo kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, ukurasa mzima hupigiwa mistari myekundu kana kwamba mwandishi hajui kuandika. Aidha, faili ikifunguliwa katika Word ya msimamizi, nambari za kurasa huweza kuhama. Wengi hutuma nakala ya PDF, na kuihifadhi nyingine katika diski ya mkononi.