Bei ya neno "itakuja": soko la vipakatalishi likitazamwa kutoka Ziwa la Ng'ombe

Saiba ya Ziwa la Ng'ombe, hapa Mombasa, haihitaji mengi ili ifungue mlango: printa, intaneti, meza ya mbao, na kipakatalishi kisichozimika katikati ya kazi. Kwenye kipakatalishi hicho mwalimu anawasilisha ritani ya KRA, mwanafunzi anaomba mkopo wa HELB, mwenye bodaboda anahangaikia leseni kwenye eCitizen, na mama anachapisha barua ya bintiye ya kuomba kazi. Mashine ikikwama, wateja wanahamia saiba ya pili, na shilingi 10 za kila ukurasa zinahama nao.

Kwa hivyo mwenye saiba anapovuka daraja la Nyali kwenda mjini kununua mashine nyingine, amebeba akiba ya miezi mingi. Huko dukani kuna neno moja analopaswa kuliogopa kuliko bei yenyewe: itakuja. Kisoma alama za vidole hakiitiki leo, lakini apdeti itakuja. Akili unde iliyoandikwa kwenye kibandiko haijawashwa, lakini itakuja. Betri imechoka, ila nyingine itakuja na mzigo wa wiki ijayo. Mteja analipa bei kamili na kurudi nyumbani na nusu ya alichotangaziwa.

Biashara hii ya kulipia leo kitu cha kesho imeenea kutoka viwanda vikubwa vya dunia hadi kaunta za Mombasa. Wanaoumia zaidi ni wanunuzi wadogo, kwa sababu hawana mashine ya pili ya kutumia wakingoja. Msimamo wangu ni huu: sifa ambayo haijafanya kazi mbele ya macho ya mnunuzi haina bei, na haifai kulipiwa hata senti moja.

Milango miwili ya soko

Vipakatalishi vinaingia katika soko letu kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa mashine mpya, zinazopitia kwa wasambazaji wakubwa kabla ya kufika madukani. Wa pili, ambao ndio wa watu wengi wa Kisauni na Nyali, ni wa mtumba: zile ThinkPad za Lenovo, EliteBook za HP na Latitude za Dell zilizotumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikabadilishwa kwa pamoja, zikasafishwa na kuuzwa tena. Wauzaji huziita "eks-UK", hata kama nyingine hazijawahi kuiona Uingereza.

Mtumba una sifa zake njema. Mashine ya ofisi huundwa kwa chuma na plastiki ngumu, kibodi yake inavumilia, na vipuri vyake vinapatikana kwa mafundi wetu. Lakini mlango huu una ahadi yake, nayo ni "inakubali Windows 11".

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, ambacho kiliingia sokoni mwaka 2017. Zipo rafuni mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo bado zina nguvu za kufanya kazi za saiba bila taabu. Fundi mjuzi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie humo, na ikaingia. Ila Microsoft haijajifunga kuihudumia mashine ya namna hiyo. Mnunuzi akiambiwa kwamba mambo yatakaa sawa na apdeti ijayo, anaahidiwa lisilowezekana, maana programu hushuka kwa intaneti lakini prosesa haishuki.

Dada yake ahadi hii ni "RAM utaongeza baadaye". Katika vipakatalishi vingi vyembamba, kwa mfano X1 Carbon ya Lenovo na MacBook Air za siku hizi, RAM imechomelewa kwenye bodi na haina nafasi ya kuongezewa. Aliyenunua ya GB 8 atabaki na GB 8 mpaka siku atakapoiuza. Jambo hilo linajulikana kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa kuangalia namba kamili ya modeli tu.

Kibandiko cha akili unde

Kwenye mlango wa mashine mpya, hadithi ya miaka hii ni akili unde. Desemba 2023 Intel ilizindua prosesa za Core Ultra zenye sehemu maalumu ya hesabu za akili unde, inayoitwa NPU. Watengenezaji wakaanza kuziuza mashine hizo kwa jina la kompyuta za akili unde. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Mei 2024, Microsoft ikatangaza daraja jipya la kompyuta, Copilot+, na kuweka sharti: NPU iweze kufanya operesheni trilioni 40 au zaidi kwa sekunde, pamoja na RAM ya GB 16. NPU ya zile Core Ultra za kwanza haikukaribia hata nusu ya kiwango hicho. Aliyenunua kompyuta ya akili unde mwezi Machi akagundua mwezi Mei kwamba akili unde iliyokuwa ikitangazwa haikumhusu.

Hata waliongojea daraja jipya hawakupona. Sifa iliyopigiwa debe zaidi ilikuwa Recall, ya kukumbuka kila ulichofanya kwenye skrini ili ukitafute baadaye. Ilikuwa itoke pamoja na mashine za kwanza tarehe 18 Juni 2024. Siku chache kabla ya tarehe hiyo ikaahirishwa. Ilianza kujaribiwa na watu wachache mwezi Novemba, na ikawafikia watumiaji wa kawaida Aprili 2025. Walionunua mashine za AMD na Intel zilizotoka katikati na mwishoni mwa 2024 nao waliambiwa kwamba sifa za Copilot+ zitawafikia kwa apdeti, wakangoja miezi.

Hapa pana jambo ambalo mwenye saiba anapaswa kulielewa vizuri. Recall iliahirishwa kwa sababu wataalamu wa usalama walipiga kelele: chombo kinachohifadhi picha za skrini mara kwa mara kinaweza kuhifadhi pia nywila na siri za watu. Fikiria chombo hicho kwenye mashine moja ya Ziwa la Ng'ombe ambayo kwa siku moja wanaketi mbele yake watu 40, kila mmoja akiingiza namba ya kitambulisho na nywila ya eCitizen. Ucheleweshaji ule uliwakinga watu. Kosa lilitendeka mapema zaidi, pale sifa isiyokuwa tayari ilipowekwa kwenye tangazo ili iuze mashine.

Ahadi inachelewa wapi

Sababu ya kwanza ni ratiba. Chipu husanifiwa miaka kabla ya kuuzwa, na kiwanda kikishaanza kuzimwaga hakingoji waandishi wa programu wamalize kazi. Kwa hivyo mashine inafika dukani kabla ya programu inayoitumia. Sababu ya pili ni ushindani: kampuni ikinyamaza hadi kitu kikamilike, jirani yake atakuwa ameshatangaza.

Sababu ya tatu iko karibu nasi zaidi. Jina moja la kipakatalishi hubeba mashine nyingi tofauti. Mbili zinazofanana kwa sura na jina zinaweza kutofautiana kwa prosesa, skrini, kisoma alama za vidole, hata taa ya kibodi. Tangazo huandikwa kwa ile iliyosheheni. Kijana wa kaunta, ambaye mara nyingi analipwa kwa kamisheni, anairudia karatasi aliyopewa. Kasoro ikijitokeza, lawama zote zinamwangukia yeye, ilhali aliyeiandika ahadi yuko mbali na hajui hata Bombolulu iko wapi.

Gharama ya kungoja inaweza kuhesabiwa. Chukua mfano wa mashine mbili zinazofanana, moja ikiwa ghali kwa shilingi 20,000 kwa ajili ya sifa itakayokuja. Kwa saiba inayotoza shilingi 10 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 2,000, kabla hujatoa pesa za karatasi na wino. Sifa ikichelewa mwaka mzima, mwenye saiba ameikopesha kampuni kubwa shilingi 20,000 bila riba na bila hati. Na vipakatalishi hushuka bei haraka: sifa itakapofika, mashine nyingine yenye sifa hiyohiyo huenda ikawa inauzwa kwa bei ya chini.

Kipakatalishi cha darasa la kwanza

Wakenya wameshaionja ahadi ya aina hii kwa ukubwa wa taifa. Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza, kuanzia Januari 2014. Fedha zikatengwa kwenye bajeti. Zabuni ya takriban shilingi bilioni 24.6 iliyopewa kampuni ya Olive ya India ikafutwa na bodi ya rufaa za ununuzi wa umma mwanzoni mwa 2014. Mwaka 2016, vifaa vilipoanza kufika katika shule 150 za majaribio, watoto walipewa tableti. Baadaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa nchini. Hata hivyo mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014 alikuwa darasa la tatu vifaa vya kwanza vilipofika.

Ahadi ni deni, na deni lililochelewa hulipwa mara nyingi na asiyelikopa. Hilo ndilo somo ambalo biashara ya vipakatalishi ingepaswa kulichukua kutoka kwa mradi ule: aliyeahidiwa hukua, humaliza shule, hupoteza wateja, wakati mwahidi bado anarekebisha tarehe.

Sheria ipo upande wa nani

Mwezi uleule wa uchaguzi uliofuata kampeni hizo, Machi 2013, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilianza kutumika. Kifungu chake cha 12 kinaihesabu kuwa ni kauli ya udanganyifu kusema kwamba bidhaa itapatikana kwa wakati fulani ilhali msemaji anajua, au alipaswa kujua, kwamba haitapatikana. Ni kosa vilevile kuiita mpya bidhaa iliyokwisha kutumika. Juu ya sheria hiyo, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na ya kupewa habari zitakazomwezesha kunufaika nayo.

Mlango wa kudai pia upo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Kipakatalishi kinaingia humo bila shida. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi. Risiti nyingi za mtaani huandikwa "laptopu 1" na bei, basi. Maneno yote ya kaunta yamepeperuka na upepo wa bahari.

Risiti ndefu kidogo

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanyabiashara anayesema "hii sifa bado, usiihesabu" atapoteza mauzo ya siku moja na kubaki na mteja wa miaka kumi. Kisauni na Nyali ni maeneo ya watu wanaojuana. Habari za duka lililomtendea mtu haki hufika Ziwa la Ng'ombe kabla ya mteja mwenyewe kushuka kwenye matatu.

Kwa mnunuzi, kazi ni ya robo saa. Omba mashine iwashwe na ijaribiwe mbele yako: kamera, alama za vidole, chaji, intaneti. Soma namba kamili ya modeli, ile ndefu iliyo chini ya mashine, badala ya jina lililo kwenye kifuniko. Ukisikia "itakuja", toa bei ya sifa hiyo kwenye mazungumzo na mpatane kana kwamba haipo.

Muuzaji akishikilia kwamba lazima ije, mpe kalamu. Mwombe aandike kwenye risiti mistari mitatu: kitu gani kitakuja, tarehe gani, na utarudishiwa nini kisipokuja. Akiandika, una mkataba mkononi. Akikataa, keshakujibu.