Urefu, Upana na Eneo: Mstatili katika Majira ya Nukta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna ya kupata eneo la mstatili unaoelezwa kwa majira ya nukta. Yanadai kuwa kosa linalojitokeza hapa huanzia katika maana za maneno, si katika hesabu. Mfano wetu ni kiwanja cha kubuni katika Kata ya Kawajense, mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Asiyeweza kukokotoa eneo kutokana na majira ya pembe za kiwanja chake hana budi kuamini kauli ya mwingine.

2.0 Mfano

Mpanda imo katika kanda ya 36 kusini ya mfumo wa UTM, ambamo nukta hutajwa kwa meta, kwa tarakimu za malaki na mamilioni. Ukubwa huo usitutishe: tukitoa kiasi kilekile katika kila jira la x, na kingine katika kila jira la y, umbo huhama bila kubadilika eneo. Tuchukulie kuwa tumebaki na A(10, 10), B(26, 22), C(20, 30) na D(4, 18).

Mteremko wa AB ni 3/4 na wa BC ni –4/3. Zao lake ni –1, hivyo pembe B ni mraba. Aidha, DC ni sambamba na sawa na AB. Kwa hiyo umbo ni mstatili.

Mwanafunzi aliyekariri "urefu mara upana" huenda akatoa jira dogo katika kubwa: 26 – 4 = 22, na 30 – 10 = 20; kisha akapata meta za mraba 440. Hilo ni eneo la mstatili mwingine, unaokizingira kiwanja. Kwa kanuni ya Pythagoras, AB ni kipeuo cha pili cha 16² + 12², yaani 20. BC ni kipeuo cha pili cha 6² + 8², yaani 10. Eneo ni meta za mraba 200.

Uthibitisho ni huu: nje ya kiwanja, ndani ya mzingo, mna pembetatu mbili za 96 na mbili za 24, jumla 240; na 440 – 240 = 200.

3.0 Hitimisho

"Urefu" na "upana" ni sifa za umbo lenyewe, si za mihimili. Inapendekezwa basi kanuni isemwe hivi: zidisha pande mbili zinazokutana pembeni. Kauli hiyo hubaki kweli hata kiwanja kikikaa mshazari.