Ruta ya Nyumbani Inapojizima na Kujiwasha: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Nyingine

Ni tarehe 30 Juni, saa nne usiku. Mkazi wa Mlolongo amebakisha ukurasa mmoja tu kukamilisha ripoti yake ya kodi kwenye mfumo wa iTax. Ghafla taa zote za ruta zinazima, kisha zinaanza kuwaka moja moja. Mtandao unarudi baada ya dakika kadhaa, lakini kabla hajafika alipokuwa, ruta inazima tena. Saa sita ikipita, sheria haitauliza ruta ilikuwa na tatizo gani. Adhabu ya mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha ripoti ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa.

Hali kama hii haiwasumbui walipa kodi peke yao. Tangu Juni 2023, Serikali ya Kitaifa ilipozindua huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen, mengi yaliyokuwa yakifanywa kwa kupanga foleni sasa hufanywa mtandaoni. Wanafunzi huomba mikopo ya HELB na kuchagua kozi za vyuo kupitia KUCCPS kwa tarehe maalumu. Ruta isiyotulia inaweza kumfungia mtu nje ya nafasi ambayo hairudi hadi mwaka unaofuata.

Wengi wakichoka na usumbufu huu hukimbilia kununua ruta mpya, na baadhi yao hugundua kwamba nayo inazima vilevile. Mara nyingi kasoro huwa kwenye umeme unaoilisha ruta au mahali ilipowekwa. Mambo hayo mwenye nyumba anaweza kuyakagua mwenyewe bila kufungua kifaa chochote.

Matatizo mawili yanayofanana

Jambo la kwanza ni kujua tatizo ni lipi kati ya mawili. Katika tatizo la kwanza, ruta yenyewe huzima na kuwaka upya: taa zote hupotea kwa pamoja, kisha hurudi hatua kwa hatua. Katika la pili, ruta huendelea kuwaka na simu huonyesha kwamba imeunganishwa na Wi-Fi, lakini kurasa hazifunguki. Tatizo la kwanza kwa kawaida hutokana na umeme, joto au ruta yenyewe. La pili mara nyingi hutoka nje ya nyumba, kwenye waya wa faiba, mnara wa simu au malipo ya huduma.

Ikiwa hakuna aliyekuwa karibu kuziona taa, ruta nyingi huweka kumbukumbu. Anwani ya ukurasa wa mipangilio huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, na mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Katika ruta nyingi, ukurasa huo huonyesha muda ambao kifaa kimekuwa kikiwaka bila kukatika. Ukisoma saa mbili ilhali hakuna aliyeizima tangu jana, basi ruta imejizima yenyewe. Ukisoma siku tisa, ruta haina hatia na uchunguzi uelekezwe kwenye laini.

Daftari la siku tatu

Neno "ovyo ovyo" huficha sababu. Tatizo linaloonekana kutokea bila mpango mara nyingi huwa na mpango wake likiandikwa. Kwa siku tatu, watu wa nyumbani waandike saa ambayo mtandao ulipotea, taa zipi ziliwaka au kuzima, kama balbu za nyumba zilififia wakati huo huo, na watu wangapi walikuwa wakitumia mtandao.

Ruta inayozima mchana wakati jua ni kali huenda inashindwa na joto. Inayozima jioni, familia nzima ikiwa kwenye video, huenda adapta yake imechoka. Inayozima kila mashine ya kusaga unga au ya kuchomelea chuma jirani inapoanza kazi inalalamikia umeme. Daftari hilo litamfaa pia fundi, kwa sababu ruta ina tabia ya kufanya kazi vizuri pindi fundi anapobisha hodi.

Adapta ndiyo mshukiwa wa kwanza

Adapta ni kile kidude cha kwenye plagi kinachobadilisha umeme wa ukutani wa volti 240 kuwa volti chache ambazo ruta inahitaji, mara nyingi 12 na wakati mwingine 9 au 5. Ndani yake mna vipande viitwavyo kapasita ambavyo hulainisha umeme usipande na kushuka. Joto la miaka mingi huvikausha. Adapta haifi siku moja. Hufanya kazi wakati ruta inapumzika, lakini watu watano wakiunganisha simu na televisheni, ruta huvuta umeme zaidi, volti hushuka chini ya kiwango kinachohitajika, na ruta hujiwasha upya.

Adapta nyingi huandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240. Kwa hiyo, adapta nzima huvumilia umeme unaposhuka kidogo. Iliyochoka haivumilii, na ndiyo maana nyumba mbili zilizo kwenye laini moja zinaweza kutofautiana: moja haioni shida, nyingine inapoteza mtandao mara kumi kwa siku.

Dalili za adapta mbovu ni kuwa moto kupita kawaida, kutoa mlio mwembamba, kunusa kama plastiki iliyoungua, au ruta kuzima waya wake unapoguswa pale unapoingia. Ikiwa kuna harufu ya kuungua, ichomolewe mara moja na isirudishwe.

Jaribio bora ni kuazima adapta nyingine kwa siku mbili. Hata hivyo, si kila adapta inayoingia kwenye tundu inafaa. Volti zilizoandikwa lazima ziwe sawa kabisa na za ruta. Ampea ziwe sawa au zaidi: ruta ya 12V 1A inaweza kutumia adapta ya 12V 2A, lakini ya 12V 2A isipewe ya 12V 1A. Mchoro wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa nao lazima ulingane. Adapta ya volti 19 ya kompyuta ikiingizwa kwenye ruta ya volti 12 inaweza kuiua papo hapo.

Umeme wa nyumba

Ruta ichomolewe kwenye ekstensheni na kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani isiyolegea. Ekstensheni inayobeba televisheni, pasi na chaja nne hulegea ndani, na mguso mbaya wa sekunde moja unatosha kuizima ruta.

Vifaa vya kulinda friji vina mtego wake. Umeme ukiyumba, kifaa hicho hukata na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, ili kulinda mota ya friji. Ruta ikichomekwa hapo, kuyumba kwa nusu sekunde kunageuka kuwa kukosa mtandao kwa dakika hizo zote. Ruta itafutiwe kinga yake yenyewe.

Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikishachangamka. Kwa hiyo nyumba zilizo karibu na mashine ya kusaga au pampu ya kisima, hasa zile za mwisho wa laini, huona balbu zikififia kwa muda mfupi. Balbu zikififia ruta inapozima, basi chanzo kimepatikana. Ikiwa umeme unayumba kila siku katika mtaa mzima, wakazi waripoti kwa Kenya Power kupitia *977#, wakitaja saa zilizoandikwa kwenye daftari.

Kwa kukatika kwa muda mfupi, dawa ni betri ndogo ya akiba ya ruta, ambayo madukani huitwa UPS ndogo. Hukaa kati ya soketi na ruta, na umeme ukikatika ruta huendelea bila kujua. Mnunuzi ahakikishe volti zake zinalingana na za ruta.

Nyumba zinazotumia sola

Katika sehemu za Masinga, Yatta na Mwala, baadhi ya familia huunganisha ruta moja kwa moja na betri ya sola kwa sababu zote mbili zimeandikwa 12V. Hapo pana hatari. Betri ya volti 12 inayochajiwa na jua la mchana hupanda kupita volti 14, na usiku ikikaribia kuisha hushuka chini ya 12. Ruta inaweza kuzima alfajiri betri ikiwa chini, au kuharibika polepole mchana. Fundi wa sola aweke kifaa cha kutuliza volti kati ya betri na ruta.

Joto, vumbi na vitambaa

Ruta nyingi za nyumbani zimeundwa kufanya kazi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, adhuhuri ya Februari, rafu ya juu inaweza kukaribia kiwango hicho. Joto likizidi, baadhi ya ruta hujiwasha upya au hukwama.

Mahali pabaya zaidi ni juu ya king'amuzi au nyuma ya televisheni, ambako joto la kifaa kimoja huongezea la kingine. Kitambaa cha kufuma kilichowekwa kupamba nacho huziba matundu ya kupitisha hewa. Ruta iwekwe wazi, mbali na jua la dirishani, na vumbi lifutwe kwa brashi laini baada ya kuzimwa. Mende na sisimizi hupenda vifaa vyenye joto. Wakionekana wakiingia na kutoka, fundi aitwe.

Umeme ukiwa mzima na baridi ipo

Ruta ikiendelea kuzima baada ya kubadilishiwa adapta, soketi na mahali, inabaki programu au ruta yenyewe. Kwenye ukurasa wa mipangilio, mwenye nyumba atafute toleo jipya la programu ya ruta, au aiombe kampuni ya huduma iliweke kutoka ofisini. Ruta isizimwe wakati wa kusasishwa, kwani inaweza kukosa kuwaka tena.

Nywila ya kuingilia mipangilio nayo ibadilishwe ikiwa ingali ile iliyotoka kiwandani. Mwezi Mei 2018, watafiti wa usalama walifichua kwamba programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta, katika nchi zisizopungua 54. Ruta ya kijijini haifichiki kwa kuwa iko mbali na mji, maana intaneti haina mbali.

Taa zinawaka lakini mtandao hakuna

Kwa wateja wa faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Waya umekatika, umekunjwa mno au umechomoka. Mwenye nyumba akague kama kochi au kabati limeubana, kisha apige simu kwa kampuni. Ncha ya waya huo isitazamwe kwa jicho, kwa sababu mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru.

Kwa ruta za laini ya simu, iangaliwe kwanza kama bando limekwisha. Kisha ruta isogezwe karibu na dirisha linaloelekea mnara, lakini si kwenye jua.

Kitufe kisichopaswa kubonyezwa

Kuzima ruta na kuiwasha baada ya nusu dakika hakuna madhara. Kubonyeza kwa pini kile kitufe kidogo kilichojificha, kilichoandikwa RESET, ni jambo tofauti. Hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ambazo kampuni iliweka ili nyumba iunganishwe. Baadaye hata ruta isiyo na kasoro haitapata mtandao mpaka fundi aje. Kibonyezwe tu kampuni inapoelekeza.

Haki za mteja

Ruta nyingi zinazowekwa na kampuni hubaki mali ya kampuni, au huwa na dhamana. Kabla ya kununua nyingine, mteja aulize kama yake inaweza kubadilishwa bila malipo. Malalamiko yakiwasilishwa, adai nambari ya kumbukumbu na aiandike. Kampuni isiposhughulikia, mteja anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, chini ya Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010. Daftari la siku tatu na nambari hiyo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wake.

Kwa ufupi

1. Tambua kwanza: ruta inazima, au inawaka bila mtandao?
2. Andika saa na dalili kwa siku tatu.
3. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni wala kifaa cha friji.
4. Jaribu adapta nyingine yenye volti sawa, na ampea sawa au zaidi.
5. Iondoe kwenye joto, vumbi na vitambaa.
6. Badilisha jambo moja kwa wakati, vinginevyo hutajua lililotibu.
7. Usibonyeze RESET bila kuelekezwa.
8. Tarehe ya mwisho ikikaribia, usisubiri ruta ipone. Tumia intaneti ya simu au fika Huduma Centre mjini Machakos mapema.