Sura ya Saba: Meza Iliyopasuka

Tazama risiti ya duka la fanicha, Nairobi au Mombasa, na mara nyingi utayakuta maneno haya chini kabisa kwa herufi ndogo: mali ikishauzwa hairudishwi. Wengine wameyabandika ukutani, juu ya kichwa cha keshia. Tumeyazoea hata tunadhani ni sheria ya nchi. Mtu ananunua kabati, siku ya nne mlango unang'oka kwenye bawaba, anaisoma ile risiti, anashusha pumzi, kisha anamwita fundi mwingine na kumlipa upya. Sura hii naiandika kwa ajili ya mtu huyo.

Maneno yale si sheria. Yana nguvu pale tu ambapo kitu ni kizima na wewe umebadili nia. Ukifika nyumbani ukaona rangi ya kochi haipatani na pazia, huna la kudai. Kitu kikiwa kibovu, mambo yanageuka. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, katika kifungu cha 5, inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza, na inasema sharti lolote la kuifuta dhamana hiyo ni batili. Ni batili hata kama ulilitia sahihi.

Nyuma yake iko sheria kongwe zaidi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inayotumika Kenya tangu 1931. Ilichukuliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, aliyoiandika Mackenzie Chalmers. Tanzania ina ndugu yake, Sura ya 214. Sheria hii inaingiza ahadi ndani ya kila mauzo hata kama hakuna aliyezitamka: kwamba kitu kitalingana na kilivyoelezwa, kwamba kina ubora wa kuuzika, na kwamba kitafaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji ukitegemea ujuzi wake.

Tuseme umenunua meza ya kulia chakula kwa shilingi 65,000 kando ya barabara ya Ngong. Muuzaji amekuapia kwamba ni mkangazi mtupu. Wiki ya sita uso wa meza unapasuka katikati, ufa wa kupitisha sarafu. Kwa nini? Ubao hunywea ukikauka, na hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Uliopasuliwa juzi na kupakwa vanishi jana huendelea kukauka sebuleni mwako, na kama seremala ameubana kwa gundi na skrubu pande zote bila kuuachia nafasi ya kucheza, utajipasua wenyewe. Wadudu watoboao mbao nao ni vivyo hivyo. Ule unga mwororo unaouona sakafuni leo ni kazi ya viluwiluwi walioanza kula ndani miezi mingi iliyopita.

Nimeingia katika useremala kwa sababu hapa ndipo watu wengi hushinda au kushindwa kesi. Muuzaji atakuambia uliiweka meza juani, au watoto wameimwagia maji. Swali la sheria halihusu siku ufa ulipoonekana. Linauliza kama kasoro ilikuwemo siku ya kuuziwa, hata ikiwa imejificha. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni wewe. Kwa hiyo tafuta fundi seremala mwingine asiye na uhusiano na duka, aitazame meza, na aandike kwa mkono wake alichokiona. Akikwangua vanishi chini ya uso wa meza akakuta saipresi iliyopakwa rangi, una dai la pili lenye nguvu zaidi: uliuziwa kwa jina la mkangazi kitu ambacho si mkangazi. Kuwa uliiona na kuishika dukani hakumwokoi muuzaji, kwa kuwa macho ya mnunuzi wa kawaida hayatambui mti uliojificha chini ya rangi.

Lakini ziko kasoro ambazo macho yako yangeweza kuziona, na hapo sheria haina huruma. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Thornett & Fehr dhidi ya Beers. Wanunuzi walikwenda kukagua mapipa ya gundi, wakapewa nafasi ya kuyafungua, nao kwa haraka wakayatazama kwa nje tu. Gundi ilipogeuka kuwa mbovu, walishindwa, kwa sababu ukaguzi wa kweli ungeufichua ubovu ule. Hukumu za namna hiyo bado huheshimiwa katika mahakama zetu. Basi ukiwa dukani usione haya. Chomoa droo, pindua kiti utazame chini yake, lala kitandani usikie kama chaga zinalia, bonyeza sponji ya kochi uone kama inarudi. Muuzaji anayekasirika kwa hayo amekwisha kukuambia unachohitaji kujua.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia uchungu kuliko yote, nalo ni muda. Haki ya kuikataa bidhaa na kurudishiwa fedha zako zote hupotea mara tu unapohesabiwa kuwa umeipokea na kuikubali. Hilo hutokea ukimwambia muuzaji umeridhika, ukiifanyia bidhaa jambo ambalo mwenye mali pekee hulifanya, au ukikaa nayo kimya kupita muda unaostahili. Muda huo ni wa siku ngapi? Sheria yetu haikutaja idadi, imemwachia hakimu. Mwaka 1987 huko Uingereza, katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, mtu alinunua Nissan mpya. Injini ikafa baada ya wiki tatu na maili 140 tu. Hakimu alikubali kwamba gari lilikuwa bovu, ila akasema muda wa kulikataa umepita, na mnunuzi akabaki na fidia tu. Waingereza wenyewe wamekwisha kuachana na hali hiyo: sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa mbovu, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwemo tangu mwanzo, labda muuzaji athibitishe vinginevyo. Sisi tumebaki na maneno ya 1893. Naona ni dosari kubwa, na Bunge lingepaswa kuirekebisha.

Katika nafasi hiyo ndimo unamoingia ulimi mtamu wa muuzaji. "Mama, usijali, Jumamosi namtuma kijana." Jumamosi inapita. "Fundi ana msiba." Wewe, kwa adabu uliyolelewa nayo, unangoja. Mwezi unakwisha, na kila siku ya ungwana wako inahesabiwa dhidi yako. Kubali atengeneze ukitaka, lakini mwandikie siku ile ile uliyoona ufa, kwa WhatsApp au kwa barua: "Meza niliyonunua kwako tarehe fulani imepasuka. Siikubali ikiwa katika hali hii. Nakupa siku saba uitengeneze ipasavyo. Ukishindwa, naikataa na nataka fedha zangu." Ambatanisha picha. Usiipige msasa wala kuipaka vanishi upya, na usimpe jirani. Ukishaikataa kwa haki, huna wajibu wa kukodi mkokoteni kuirudisha. Kumjulisha kunatosha, na kuichukua ni kazi yake.

Aliyechelewa hakupoteza yote. Bado anaweza kudai fidia, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya meza nzima na ile mbovu aliyopewa, na madai ya mkataba yana miaka sita kabla ya kufungwa.

Na aliyeagiza kwa fundi wa jua kali, bila risiti? Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa nani, kiasi gani na lini, na ile picha uliyomtumia ukisema "nataka kama hii" ndiyo maelezo ya bidhaa. Usiufute ujumbe wowote kwenye simu.

Akikataa katakata, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kufungua milango Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Huhitaji wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Chukua picha zako, ujumbe wako na karatasi ya yule seremala, uende nazo.