Jengo Husubiri, Mtoto Hasubiri

Januari 6, 2002, Griffith Observatory, nyumba ya kutazamia nyota iliyo mlimani juu ya mji wa Los Angeles, Marekani, ilifungwa kwa matengenezo. Wazazi walioweza waliwahi kuwapeleka watoto wao. Akina mama wenzetu, tunawaelewa. Milango ilifunguliwa tena Novemba 2006. Mtoto wa miaka minane alikuwa sasa anakaribia kumi na mitatu, na huenda ameshapoteza hamu.

Walikwenda kuona nini? Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1935, na kuingia ni bure. Ndani linaning'inia tufe zito la shaba linalobembea kutwa na kuonyesha jinsi dunia inavyojizungusha. Juu ya paa ipo darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 30. Mamilioni ya watu wamechungulia humo, mfagizi na mwenye mali katika foleni moja.

Fedha za kuijenga ziliachwa na tajiri Griffith J. Griffith, aliyeupa mji ardhi ya bustani mwaka 1896. Lakini si haki kumtaja bila kumtaja mkewe, Tina. Mwaka 1903, wakiwa hotelini, bwana huyu aliyekunywa pombe kwa siri alimpiga mkewe risasi kichwani. Tina alijirusha dirishani akapona, ila jicho moja likapotea. Mume alifungwa karibu miaka miwili, na Tina akapewa talaka.

Sisi wauguzi tunawapokea wanawake wenye majeraha kama hayo, huku majirani wakisema, "Lakini mumewe ni mtu mwema, husaidia watu." Wema wa nje haufuti damu ya nyumbani. Dada, ukipigwa usinyamaze. Mwambie unayemwamini, nenda ukatibiwe, na maelezo yako yaandikwe.

Matengenezo yaligharimu dola milioni 93. Mafundi walichimba chini ya uwanja wa mbele wakaongeza kumbi huko, ili sura ya zamani isiharibike. Kuingia kukabaki bure.

Mama, si lazima ufike Los Angeles. Jioni ya Januari isiyo na mbalamwezi, zima taa, toka uani na watoto. Watafutie Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kulima. Wahesabu wenyewe, kila mmoja aseme ameona ngapi. Kazi za jikoni zitakungoja.